Lala Kwanza, Bwana Mchoraji

Umekuja na futi ya chuma, na ramani
umeikunja kwapani kama msala.
Karibu. Viatu baki navyo.
Lakini kabla hujaupima ukuta, panda hapa,
kitanda namba tatu, ulale chali.
Ndiyo, wewe. Lala.

Sasa niambie waona nini.
Taa ya tyubu inayokonyeza. Dari
yenye doa la mvua, umbo la kaa.
Geuza shingo. Mlango.
Na mlango ukiwa wazi, nao huwa wazi,
maana bila upepo wa ukumbini tutaiva,
waliona benchi, na juu ya benchi wanaume watano
wanaosubiri majibu ya malaria.
Nao wakuona. Wamekwisha kuzisoma soli zako.

Mwanajaha wa Matondoni alilala ulipolala.
Njia ilikuwa imefunguka sentimita saba.
Akauona mlango, akaliona benchi,
akamwona shemeji yake akila mahamri,
akayafunga mapaja.
Uchungu ukarudi ndani kama kichwa cha kobe,
ukakaa huko saa nne nzima.
Daftarini niliandika: uchungu umelegea.
Hapana safu ya kuandika: mlango.

Bibi yangu, Mwana Barke, alizalisha Mkomani, nyumba za mawe.
Hakujua kusoma ramani, ila nyumba ilijua:
daka la wageni, kiwanda cha jua,
msana wa tini, msana wa yuu, ndani,
kila chumba kimeinuka kidaraja kimoja
na kuzidi giza kidogo,
hadi nyumba kati, mwisho kabisa,
alikozaliwa mtu na alikooshwa maiti.
Huko sauti ya mwanamke iliachiwa ipae,
ikatue zidakani, isifike mtaani.

Usinielewe vibaya. Humo humo wengine waliishia.
Hewa haba, mwanga wa koroboi,
damu isiyopambanuka na kivuli.
Nyumba kati ilisitiri aibu, ikaisitiri na hatari.
Sitaki unirudishe.
Nataka uniibie kitu kimoja tu huko: kona.
Mahali pa kupinda kabla ya kufika.

Inuka polepole. Njoo tuhesabu.
Toka hapa hadi chumba cha upasuaji, hatua sitini na nne.
Nimezitembea usiku na machela yenye gurudumu bovu,
na hapa, tazama, kizingiti cha inchi tatu.
Aliyekichora alikiona mstari.
Mimi namwona Thureya wa Kipungani,
tukimnyanyua yeye na machela, watu wanne,
damu ikitangulia.
Aliishi. Mimi ndiye hadi leo
nikifika hapo mguu hujikwaa pasipo kitu.

Choo kiko ng'ambo ya ua. Andika.
Bomba liko ukuta wa pili. Andika na hilo:
mkono wenye haraka hausafiri kwenda kuoga.
Mapazia ni leso zetu, tumezitundika kwa kamba ya nailoni;
hiyo ya njano imeandikwa
SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA.
Kata ni mimi. Ndiyo maana nasema.

Na mtu wa kumshika mama mgongo, akae wapi?
Hapana nafasi, tuliambiwa.
Kati ya kitanda na kitanda
hupita nesi mmoja, tena mwembamba,
na mimi, kama uonavyo, si yeye.

Hujibu. Umerudi kuketi ukingoni mwa namba tatu,
miguu yako mirefu haifiki chini
(kimo hicho kilichaguliwa daktari asiiname),
unatoa raba mfukoni,
unaufuta mlango.
Unauchora kwingine. Unaufuta tena.

Namba sita anaita.
Nakuacha na karatasi yako magotini,
na mlango ambao bado haujapata ukuta.