Kopo la Siagi

Rafu ya juu ya friji yangu, nyuma ya maziwa ya pakiti,
kuna kopo la siagi limeandikwa kwa wino: MWANASHEHE. MSIGUSE.
Ndani yake insulini, vichupa viwili,
vidogo kama kidole gumba cha mtoto.
Kwake hana friji, na mtungi
hauliwezi joto la Machi.
"Lete," nilimwambia. Kopo moja litanila nini?

Kila alfajiri, kabla mkate haujashushwa,
aligeukia ukuta, akafunua leso kidogo,
"Bismillahi,"
akaenda zake kukaanga kaimati pembeni ya msikiti.
Mwenyewe hakuonja hata moja.
Shira aliipima kwa jicho.

Stima ilipotukatikia siku tatu
nilikwenda Marikiti kuomba barafu kwa wauza samaki.
Soda zangu zilichemka. Kopo lake lilinuka changu
lakini lilibaki baridi.

Kisha shule zikafunguliwa.
"Famau ana karo," akasema,
akaanza kudunga leo, kesho akaruka.
Nilijua. Mwenye duka huhesabu
hata kile asichouza.

Kijiwe tu, ndani ya ndara.
Kikaondoka kidole. Kisha mguu, chini ya goti, huko Makadara.
Mguu ukamtangulia Kikowani
umezongwa kitambaa cheupe;
Famau aliupakata kama mtoto mchanga,
kaburi lake dhiraa moja,
na jioni akaja kwangu akauliza
kama nahitaji mtu wa kubeba magunia.
Hajarudi darasani.

Tulichanga. Mtaa huu wa Mwembe Kuku
umechanga hadi kitambaa cha mchango kimetoboka:
Rajabu, mke wa fundi cherehani;
Shaabani, Mzee Shufaa na macho yake yaliyozimika kwanza;
sasa huyu.
Na bado twasema, "Alishikwa na presha,"
twasema, "Alianguka chooni,"
twasema, "Siku zake."
Jina la ugonjwa tunalimeza bila maji.

Jana kwenye hitima wakaja kwangu:
sukari kilo kumi za chai,
na haluwa, sinia mbili.
Nikapima. Mizani haikutetemeka, mimi ndiye niliyetetemeka.
Nikaandika deni kwenye ukurasa wake mwenyewe,
maana ulikuwa haujajaa.

Vikombe vikazunguka. Chai tamu, tamu sana,
ile ya kumheshimu maiti.
Nilikunywa. Ningesema nini?

Leo asubuhi, binti wa Swabiri,
miaka kumi na mmoja, sare ya shule,
amesimama mlangoni na kopo la maziwa ya unga, tupu, limeoshwa.
Jina lake ameliandika mwenyewe, kwa herufi za kupendeza.
"Mama anauliza kama kuna nafasi."

Kopo la siagi sijalitoa.
Nimeondoa soda mbili.