Chupa ya Kumi na Nne

Kila Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi,
nashuka ngazi za mawe nyuma ya bustani ya Bi Maureen,
viatu vya mpira vikinipwaya,
nachota Mto Wye kwa chupa ndogo kama ya dawa ya kikohozi.
Natia matone sita. Natikisa. Nasubiri.
Maji yakigeuka samawati, fosfeti imo.
Yakikolea, naandika tarakimu, nafunga daftari.

Gethin Prosser nilikuwa simjui sura.
Nilimjua kwa rangi.
Yuko maili arobaini juu, upande wa Wales,
mabanda manne, kuku laki moja na sitini
wasiofikia umri wa kuwika.
Mvua ikimnyeshea Jumatano
Ijumaa iko kwangu,
imebeba samadi yake kama barua isiyo na stempu.

Tukakutana ukumbi wa kanisa, Ross.
Tamsin, mtaalamu, akatandaza ramani,
akaikandamiza kwa vikombe vya chai isijikunje.
Bonde zima lilikuwa jani moja, mishipa tele.
"Mto huu ni wetu sote," akasema.
Mzee mmoja nyuma akaguna:
"Wetu sote, ila una juu. Na mimi niko chini."
Wavuvi wakawalaumu wafugaji,
wafugaji wakailaumu kampuni ya majitaka,
kampuni ilikuwa imetuma udhuru.
Kisha akasimama mtu mfupi, vidole vimepasuka kama vyangu.
"Mnaniambia nipunguze kuku. Haya.
Nani hapa atapunguza kula?"

Hata birika likanyamaza.

Nami nikanyamaza. Ningesema nini?
Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa Hereford, kiwandani,
glavu juu ya glavu, baridi ya nyuzi tatu,
napanga mapaja, matano kwa trei,
matano kwa trei,
mpaka alfajiri.
Mshahara huo ndio ulionunua viatu vya mpira.
Na Nasra wangu, Jumapili,
hataki kusikia habari ya dengu.

Leo ni chupa ya kumi na nne.
Gethin ameendesha gari tangu giza,
amesimama nami kwenye tope, kofia mkononi
kama aliyekuja kumtazama mgonjwa.
Natia matone. Natikisa.
Samawati inapanda polepole kutoka chini ya chupa.
Hajui ni kiasi gani chake.
Sijui ni kiasi gani changu.

"Nipe kalamu," anasema,
"mikono yako imelowa."