Swali la Kumi na Nne

Fomu imelala mezani, kati ya chupa ya sosi na glavu za baba
zinazonuka kuku hata zikishafuliwa.
Springdale, Arkansas. Theluji imeanza, haijaamua.
Kalamu nimeishika mimi:
mdomo wa nyumba hii ni mimi tangu nina miaka saba.

Je, mtu huyu huzungumza lugha nyingine nyumbani?
Ndiyo.
Lugha gani?
Kimarshali. Herufi zimeenea, na nafasi imebaki.
Anajua Kiingereza kwa kiasi gani?
Vizuri sana. Vizuri. Si vizuri. Hajui kabisa.
Visanduku vinne, kila kimoja kama punje ya mchele.

Baba anajua "haraka", "kisu", "zamu mbili",
anajua "samahani, bosi" kwa sauti tatu.
Siku mashine ilipokula kidole cha Torin
ni baba aliyepiga simu, akataja barabara, geti, damu,
na gari la wagonjwa likaja bila kupotea.
"Tia si vizuri," ananiambia,
"wasije wakaniletea karatasi nyingine."

Mama: kanisani husoma, dukani hunisukuma mbele.

Bubu, mama yake baba, hajui kabisa. Huyo rahisi.
Ila jana alisimama uani na Bi Eduvina, jirani Msalvador,
dakika arobaini, huyu Kihispania, huyu Kimarshali,
wakaagana kila mmoja na sahani ya mwenzake.
Sahani sijaona pa kuiandika.

Kenji, mdogo wangu: vizuri sana.
Huota kwa Kiingereza, ukuta wetu ni mwembamba, namsikia.
Bubu akimsimulia kisiwa hucheka pasipochekwa,
kisha hunigeukia
nimtafsirie bibi yake mwenyewe.

Nabaki mimi.
Vizuri sana, bila shaka, walimu wote watakuambia.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kliniki,
daktari akasema figo, akasema mashine, mara tatu kwa wiki,
akasema, akinitazama mimi, bila hiyo ni miezi.
Nililielewa kila neno.
Ulimi hauna mfupa, wanasema;
wangu siku ile uliota mfupa.
"Amesema upumzike, Bubu. Upunguze chumvi."
Alinipapasa kichwa. Akapunguza chumvi.
Usiku ndipo nilipomwambia baba, gizani, kwa lugha zote mbili.

Sasa mashine anaijua, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
na hajaniuliza kitu.

"Karatasi inasema nini?" anauliza kutoka kwenye kochi.
Wanataka kujua tuko wangapi, Bubu.
Si kweli sana. Si uongo sana.
Anaanza kuhesabu kwa vidole,
sisi watano kwanza, kisha Torin, kisha walioko Majuro,
kisha mumewe aliyezikwa Ebon.
Vidole vinamwishia.
Anavuta mkono wangu, ule wenye kalamu,
na kuendelea na vyangu.