Mpini wa Vidole Vinne

Baba alifungua karakana saa moja na nusu,
nyuma ya stesheni ya reli, Moshi,
kahawa ya kiwandani ikishaanza kunukia mtaani.
Cherehani, baiskeli, vitasa, pampu za kupulizia dawa:
hivyo ndivyo vilivyotulisha.
Bastola ilikuja labda moja kwa mwaka, na barua ya polisi,
na siku hiyo alinawa mikono kabla ya kazi, si baada.

Mwaka nilioingia darasa la sita
ilikuja ya Bwana Nyama Kileo:
rivolva ya Kiingereza, ya kuvunjika kiunoni,
kongwe kuliko baba.
Ukibonyeza komeo lake inainama kama mkwe anayeamkia,
silinda inajitokeza, matundu sita, meupe kwa ndani.
Buluu ya chuma imebaki michirizi tu;
kwenye kingo imelambwa na ala ya ngozi
miaka na miaka.

"Sikiliza," baba akasema, akaizungusha tupu
karibu na sikio langu.
Ki. Ki. Ki. Ki. Ki.
Ya sita ilikuwa bubu, jino limelika.
"Za siku hizi zinameza risasi ndani ya mpini, huzioni.
Hii haina siri. Inakuonyesha ilichonacho tumboni."
Sikujua kama anaisifu au ananionya.

Ningependa kuandika: matundu sita, visa sita.
Navijua viwili.
Kwamba ilishuka upande wa Taveta na afisa mmoja,
wakati wa vita vya Mjerumani, nyuma yake wapagazi
ambao majina yao hayakuchongwa popote,
ilhali namba yake yenyewe imechongwa mara tatu:
fremu, mtutu, silinda.
Na kwamba Mgiriki wa shamba la Kibosho
alimwachia Kileo, enzi hizo mlinzi wa ghala,
siku alipofunga masanduku,
badala ya mshahara wa miezi minne.
Mengine ni ya chuma, na chuma hakisimulii.

Ila mpini.
Wa zamani ulikuwa umepasuka,
na kidole kidogo cha Kileo hakikuwapo.
Chui, alisema kilabuni.
Mlango wa Landrova, alisema mkewe jikoni.
Kila mpini wa dukani ulimponyoka.
Baba akamkandia udongo wa mfinyanzi: "Shika.
Usikaze. Shika kama unavyoshika mkono wa mtoto
mnapovuka barabara."
Zikabaki alama: mabonde mawili, gumba,
na mahali patupu.

Kwa alama hizo alichonga mpingo wiki tatu,
tupa, msasa, kipande cha chupa, nta ya nyuki,
unga mweusi puani mpaka kwenye mto wa kulalia.
Kileo alipoushika alinyamaza.
Kisha akacheka peke yake, kama mtu aliyepapasa gizani
akakuta kiatu chake.

Juzi mwanawe, Aikaeli, kaja nayo
ndani ya mfuko wa sukari.
Tangazo limetoka: salimisha kwa hiari, hutaulizwa.
"Twende wote, dada. Mimi sijui hata inashikwaje."
Koplo, binti mdogo mwenye mafua, aliandika:
rivolva, moja, kuukuu.
Fomu haikuwa na mstari wa mpingo.
Nikaomba bisibisi.
Akanitazama, akatazama saa, akafungua droo.

Skrubu moja tu. Baba hakupenda skrubu nyingi.
Chuma kikaenda guniani pamoja na magobole,
na kabla hakijazama nilikizungusha kidogo, nisamehewe,
nikahesabu hadi tano.

Nje, Aikaeli aliziunganisha zile nusu mbili,
hakuna kitu katikati,
akazishika.
Kidole chake kidogo kikakosa pa kukaa.
Akakikunja.
Magari yakapita, lori la saruji, bodaboda mbili,
naye ameshika hivyo hivyo, bila kukaza,
mpaka tukavuka.