Swali la Tano, Sehemu ya B

"Jadili jinsi mwandishi alivyowatumia wadudu
kama ishara na kama kisengerembele. (Alama 10.)"
Swali nililitunga mwenyewe
na sasa, saa tano za usiku, hapa Mkomani,
nalijutia.

Madaftari thelathini na sita juu ya meza ya marehemu baba.
Thelathini na tano yamenakili ubao wangu:
nzige wa ukurasa wa tisa ni jeshi. Mbili.
Siafu wanaopanda kizingiti ni askari wa forodha. Mbili.
Nondo aliyeungulia taani kwa Mzungu
ni liwali aliyetia sahihi asichokisoma. Mbili.
Kalamu nyekundu inatembea yenyewe, vyema, vyema, vyema,
kama mpiga muhuri wa bandarini.

Kisha daftari la Arafa Famau,
lenye doa la achari kwenye jalada:

"Mwalimu, mdudu hakuashiria kitu.
Siafu waliletwa na mvua na makombo.
Kwetu Langoni huja kila mwaka, masika yakikaza,
bibi huwamwagia majivu ya moto
na hakuna meli inayotia nanga.
Mwaka ule mmoja ndio uliokumbukwa
kwa kuwa bwana mwenye mnyororo wa kupimia
alifika wiki ile ile.
Hicho unachokiita kisengerembele
ni kisengerenyuma kilichogeuza kanzu.
Mwandishi alishaujua mwisho.
Siafu hawakuujua."

Nikaweka kalamu chini.

Kwetu sisi ilikuwa mtwa.
(Shuleni nasema mchwa. Nyumbani kwa Nana Mwanashee
ile "ch" haikuwahi kuvuka mlango.)
Alisimulia hivi: kasha la babake lilipofunguliwa
hati ya shamba la Mokowe ilikuwa vumbi na vipande vya muhuri,
na siku ya tatu karani akabisha hodi,
miwani, wino, daftari refu:
asiye na karatasi hana ardhi.
"Mtwa walitwambiya," nana akisema, "swiswi hatukusikiya."
Miaka ishirini nimeifundisha sentensi hiyo
bila kumtaja mwenyewe.

Leo najiuliza walianza kula lini.
Labda karani hajazaliwa bado.
Labda usiku wa harusi ya babake nana,
kasha jipya, lanukia udi,
mmoja akapanda mguu wake gizani,
hana ujumbe, hajatumwa, ana njaa tu.
Bandu, bandu.
Na karani angekuja hata hati ingekuwa nzima.
Jirani zetu, kina Shekuwe, yao haikutobolewa hata nukta.
Shamba lao liko wapi?

Hilo nana hakulisimulia.
Nadhani naelewa kwa nini.
Anayeonywa ni mtu: kuna aliyemfikiria kabla.
Afadhali useme tulionywa, tukapuuza,
kuliko kusema walikuja tu,
asubuhi ya kawaida, chai iko mekoni,
na hakuna kiumbe, hata mwenye miguu sita,
aliyejisumbua kutuambia.

Mwongozo wa kusahihisha, ulioandikwa kwa mkono huu,
hauna pa kumweka Arafa.
Hoja tano, mbili mbili. Hakutoa hata moja.
Naandika sifuri. Nakata.
Naandika kumi, namkumbuka mkuu wa idara, nakata.
Sasa ukurasa wake umejeruhiwa na mimi
kuliko na kosa lolote lake.
Pembeni naandika: Njoo tuzungumze.

Juu, boriti ya tatu kutoka mlangoni,
fukusi anakereza. Namsikia tangu Ramadhani.
Unga wake umeshuka kwenye daftari,
mwekundu hafifu, kama hina iliyokauka,
na katika mistari yote ile
umetua juu ya neno "mwisho".
Kila nilichosomea kinaniambia: soma.

Napuliza.
Fundi wa boriti nimempigia simu mara mbili.
Anasema kesho.