Tiketi ya Wazee

Bibi Gertruda alilipa nusu bei.
Kijana wa dirishani alitazama kitambulisho, akatazama uso,
akasema, "Karibu mgodini, mama,"
naye bibi akaguna:
miaka thelathini na minane aliishia kwenye lango hili,
sufuria ya supu kaiviringisha kwa taulo,
na hakuna aliyewahi kumwambia karibu.

Mwanamke chini ya ardhi ni nuksi, walisema.
Leo nuksi ni zloti ishirini na tano,
pamoja na kofia ya plastiki.

Tulipitia bafuni kwanza.
Nguo zinaning'inia darini kwa minyororo,
makoti, suruali, buti zilizofungwa kamba kwa kamba,
kana kwamba wanaume walinyakuliwa wakiwa wima
na aliyewanyakua hakutaka nguo.
Krystian, mwongozaji, ana hereni sikio moja.
Kila mtu na mnyororo wake, alieleza, kila mtu na kufuli lake.
Bibi alitafuta kwa macho. Sikumuuliza nini.

Lifti ilishuka, tumbo langu likabaki juu.
Bibi alinishika mkono,
mara ya kwanza tangu nijue kuvuka barabara.

Huko chini kuna taa. Kuna vyuma vya kushikilia.
Kuna farasi wa plasta mwenye macho ya gololi,
mlipuko wa baruti unaotoka kwenye spika,
na mtoto wa shule anayetafuna biskuti.
Bibi akapitisha kidole ukingoni mwa kabati la kioo,
kidole kilekile kilichofuta vumbi jeusi madirishani
kila Jumamosi, na Jumapili limerudi.
Akakitazama: safi.
"Wamefagia," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

Kisha akamwomba Krystian azime taa.
Haimo kwenye ratiba. Akazima.

Halikuwa giza la usiku; usiku una madirisha.
Hili lilikuja mpaka kwenye meno.
Maji yalidondoka mahali fulani. Mtoto aliacha kutafuna.
Nilimsikia bibi akivuta pumzi, akiihesabu
kama alivyohesabu za babu Alfons mwaka ule wa kikohozi,
halafu akasema, si kwetu:
"Ulisema ni kazi tu."

Karibu na mlango wa kutokea kuna ubao wa misumari
na visahani vya shaba vyenye namba.
Aliyetoka hurudisha chake.
Msumari mtupu, mtu yuko chini.
Mmoja ulikuwa mtupu: 1183.
Bibi akafungua mkoba, nami nikakiona,
kimelala kati ya rozari na vidonge vya presha,
kile babu alichokiiba siku ya kustaafu.
Alikishika hewani, mbele ya msumari,
muda wa kutosha watu wawili kutupita.
Kisha mkoba ukafungwa, ta!

"Twende," alisema. "Supu inapoa."

Hatukuwa tumepika supu.
Kwenye tramu nilibonyeza kengele mapema mno,
tukashuka kituo kisicho chetu,
tukatembea kilichobaki, yeye mbele.