Vuguvugu

Valvu niliifunga mwenyewe.
Sikumwachia yule binti, ingawa ndiye aliyelipwa,
ingawa karatasi yenye mhuri ilisema fundi ni yeye.
Subiri, Nynke, nikamwambia, hii ni yangu,
nikapiga magoti uvunguni mwa ngazi,
robo mzunguko, kwenda kulia.
Gesi ikakata kauli.

Miaka thelathini na minane niliingiza moto huu majumbani,
Drachten yote, mtaa kwa mtaa hadi ukingo wa mfereji.
Kuna nyumba nilifunga boila ya bibi, ya mama, ya mjukuu.
Ya kwangu ilikohoa kila alfajiri kama mbwa mzee.
Kinyozi hajinyoi, akasema Aukje,
na bili ya Januari akaiweka juu ya sahani yangu,
mahali pa samaki.

Wakatoboa ukuta, tundu la upana wa kichwa cha mtoto.
Wakang'oa rejeta za sebuleni, maji meusi
yakamwagika juu ya magazeti, yakafuta habari.
Nje, kando ya mapipa ya taka, wakaliketisha
sanduku jeupe lenye feni, juu ya miguu ya mpira,
likitazama baiskeli yangu.

"Linavuta joto hewani," Nynke akasema.
Hewa gani? Mfereji ulikuwa umeganda,
mabata yakitembea juu yake kama watu waliopoteza funguo.
"Hata hii ina joto lake, mzee. Shida ni kulikamua."
Nikanyamaza. Nimewahi kuona bahili akikamuliwa
na mchango wa kanisa ukatoka.
Lakini hewa ya Januari?

Usiku wa kwanza nililala na soksi na kinyongo.
Saa nane nikashuka, nikaweka kiganja juu ya rejeta.
Kiganja hiki kilikuwa kipimo changu cha kazi:
ukihesabu tano hujakiondoa, boila ni mgonjwa.
Nikahesabu. Tano. Kumi na mbili. Arobaini.
Redioni wanaliita vuguvugu la dunia nzima;
mimi nililikuta rejetani, vuguvugu tu,
chai iliyosahauliwa na mtu aliyeitwa kwenye simu.
Nikacheka gizani peke yangu: nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini kipimajoto cha ukutani, kisichojua siasa,
kilisema ishirini.
Asubuhi, ishirini.
Alhamisi, theluji hadi kizingiti cha dirisha, ishirini.
Hakuna tena lile joto la kuvua sweta
kisha baridi ya kulitafuta sweta.

Sitasema yote ni asali.
Terpstra, jirani, huja uani na simu kupima mngurumo,
na kila akija feni inanyamaza, anarudi kwake na hasira kamili.
Barafu ikilishika mgongo, sanduku hujiyeyusha lenyewe;
mvuke ulipopanda mara ya kwanza nilikimbia na ndoo.
Deni la benki ni la miaka kumi. Mimi nina sabini na mmoja.
Na Aukje, mbele ya jiko la umeme, bado anainama
kuutafuta mwali wa buluu ili aupunguze.
Kiberiti chake kiko palepale dirishani. Sikigusi.

Jana kampuni ilikuja kuchukua mita.
Kijana alinisomea tarakimu za mwisho,
nikaziandika nyuma ya bahasha, sijui kwa nini.
Ukutani pamebaki mstatili wa rangi ya zamani,
ile ya kijani tuliyogombana kwa ajili yake.

Usiku huu nimeshuka tena. Sina swali, ni mazoea.
Aukje alipougua mapafu, mwaka ule,
nilimwekea mkono hivi kwenye paji la uso
hadi karibu na mapambazuko
ngozi ikawa ngozi tu, si moto, si baridi,
nami nikaweza kwenda kuchemsha maji.

Ananiita kutoka juu: umepotelea wapi?
Nakuja, nasema,
na mkono siutoi.